Kuchunguza picha ya kale ya dijitalisi: anza na karatasi, malizia na jina

Dijitalisi ya zambarau, ambayo wanasayansi huiita Digitalis purpurea, ni mmea wa Ulaya uliochorwa kwenye vitabu vya mitishamba na vya dawa tangu karne ya 16. Maua yake ni mabomba yenye umbo la kengele ndefu, yananing'inia upande mmoja wa shina. Majani yake ndiyo yaliyowapa madaktari dawa ya moyo. Picha zake ni nyingi, nazo zimenakiliwa na kunakiliwa tena, kwa hiyo anayeshika karatasi moja iliyochomolewa kitabuni ana maswali matatu ya kujibu: imechapwa lini, imetoka kitabu gani, na je, mmea uliochorwa ndio huo kweli?

Wengi huanza kwa kusoma maandishi yaliyo chini ya picha, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Mwaka ulioandikwa pale unaweza kuwa wa bamba la kuchapia na si wa karatasi unayoishika. Jina linaweza kuwa limeongezwa kwa penseli na muuzaji. Maandishi yenyewe yanaweza kuwa yamekatwa ili picha ienee kwenye fremu. Karatasi, wino na umbo la mmea ni vigumu zaidi kuvichezea. Mwongozo huu unavipa vitu hivyo nafasi ya kwanza, na maandishi yanangoja.

Jambo moja kabla ya yote: sehemu zote za dijitalisi ni sumu, na kipimo kinachotibu hakiko mbali na kile kinachoua. Mwongozo huu ni wa kusoma picha. Usitumie picha yoyote, ya kale au mpya, kuchuma majani ya kunywa.

Vifaa

Andaa lenzi inayokuza mara 10, rula yenye milimita, tochi ndogo ya mwanga mweupe, penseli laini na karatasi nyeupe safi ya kulazia picha. Ukiwa na ubao wa mwanga wa LED ni bora zaidi, kwa sababu alama zilizo ndani ya karatasi huonekana mwanga ukipita kutoka nyuma. Kalamu ya wino isikaribie meza.

Nawa mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, kisha fanya kazi bila glavu za pamba. Glavu hizo hupunguza hisia za vidole, na karatasi huishia kuchanika kwenye kona. Hali ni tofauti kwa picha za karne ya 19 zilizopakwa kijani kikali. Kijani cha Scheele, kilichotengenezwa 1775, na kijani cha zumaridi, kilichoanza kuuzwa 1814, vyote vina aseniki. Kwa picha hizo vaa glavu nyembamba za mpira, usilambe kidole kufungua ukurasa, na unawe ukimaliza.

Hatua ya 1: Laza mwanga

Zima taa ya juu. Laza tochi mezani upande mmoja wa picha, mwanga uteleze juu ya karatasi kwa pembe ndogo, kisha izungushe polepole pande zote nne.

Unachotafuta kwanza ni alama ya bamba. Bamba la shaba lilipitishwa kwenye rola pamoja na karatasi iliyoloweshwa, na shinikizo likaacha bonde la mstatili kuzunguka picha. Ukiliona, lipime kwa milimita, urefu kwanza kisha upana, na uandike. Kipimo hiki kina thamani kubwa kuliko ukubwa wa karatasi, kwa sababu karatasi hukatwa lakini bamba halibadiliki. Likikosekana usikimbilie kusema si chapa ya shaba: huenda kingo zimekatwa ndani ya alama. Likiwepo pia usiridhike, kwa sababu watengenezaji wa nakala za kisasa hukandamiza bonde la uongo ili picha ionekane ya kale. Hatua inayofuata ndiyo inayoamua.

Geuza karatasi. Chapa ya mbao huacha vituta vidogo upande wa nyuma vinavyofuata mistari ya picha, kwa kuwa mbao ilichongwa ili mistari ibaki juu na kusukumwa ndani ya karatasi. Chapa ya jiwe, yaani lithografia, haiachi bonde wala vituta.

Hatua ya 2: Soma wino kwa lenzi

Hapa pasikupite haraka. Nusu saa ya lenzi hukuepusha na siku nzima ya kubahatisha.

Kwenye chapa ya mbao mistari ni minene, na ncha zake ni butu. Wino ulisukumwa pembeni wakati wa kuchapa, hivyo kingo za mstari mara nyingi ni nyeusi zaidi kuliko katikati yake. Mbao na herufi za risasi zilikuwa na kimo kimoja, zikachapwa kwa pamoja, na ndiyo maana picha za aina hii hukaa ukurasa mmoja na maandishi au huwa na maandishi nyuma yake. Kitabu cha daktari Mjerumani Leonhart Fuchs kilichochapwa Basel mwaka 1542, De historia stirpium, ndicho mfano bora. Kina michongo zaidi ya 500, na dijitalisi imo. Fuchs ndiye aliyeupa mmea jina hilo la Kilatini. Albrecht Meyer alichora mimea, Heinrich Füllmaurer akaihamishia michoro kwenye mbao, na Veit Rudolf Speckle akachonga. Watatu hao wamewekwa sura zao mwishoni mwa kitabu, heshima ambayo mafundi wa vitabu hawakuizoea. Kwa chapa ya mbao, mistari ya Fuchs ni myembamba na haina vivuli vingi, kwa sababu alitaka umbo la mmea lisifichwe, na nakala nyingi zilipakwa rangi kwa mkono. Ukikuta mchongo wa dijitalisi uliojaa mistari ya kivuli, umetoka kwingine.

Tafuta pia vidoa vyeupe vya mviringo vinavyokata mistari ghafla. Hayo ni matundu ya wadudu waliotoboa mbao ghalani. Tundu likishatokea halizibiki lenyewe, kwa hiyo chapa yenye matundu matano imechapwa baada ya ile yenye mawili ya mbao ileile. Kwa njia hiyo unaweza kuzipanga chapa kwa kufuatana bila kusoma tarehe yoyote.

Kwenye chapa ya shaba mstari huanza mwembamba, hunenepa, kisha huishia kwenye ncha kali, kwa kuwa kisu cha mchongaji kiliingia ndani ya shaba na kutoka. Chini ya lenzi, wino umesimama kidogo juu ya karatasi. Mahali palipochongwa kwa nukta, hasa kwenye mabomba ya maua, nukta zenyewe hutofautiana kwa ukubwa na kina. Shaba ni laini, hivyo mistari hafifu ndiyo inayochakaa kwanza. Chapa iliyofifia kwenye vinyweleo vya majani huku shina likiwa bado jeusi imetoka kwenye bamba lililochoka.

Lithografia ilivumbuliwa na Alois Senefelder mwishoni mwa miaka ya 1790, kwa hiyo haiwezi kutoka kitabu cha kabla ya hapo. Mistari yake ina punje punje za kalamu ya nta kwenye jiwe, na wino umelala bapa. Ile ya rangi, kromolithografia, ilitumia jiwe moja kwa kila rangi. Kwa lenzi utaona nukta za rangi mbalimbali zilizowekwa kwa mkono, hazina mpangilio, zinapandana, na ukingoni mwa petali rangi moja huwa imehama nusu milimita. Picha za Köhler's Medizinal-Pflanzen, kitabu kilichotolewa Gera, Ujerumani, kuanzia miaka ya 1880, ni za aina hii, na ya dijitalisi ni kati ya zile utakazozikuta kila mahali.

Nukta zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka kama wavu, zenye umbali sawa, ni chapa ya kipichapicha, ambayo kwa Kiingereza huitwa halftone. Njia hiyo ilienea kuanzia miaka ya 1880. Nukta za bluu, nyekundu, njano na nyeusi zinazounda viduara vidogo ni za mashine ya karne ya 20 au ya sasa. Ukiziona hizo chini ya picha inayosemekana ni ya 1737, uchunguzi wa umri umekwisha, hata kama karatasi imetiwa rangi ya chai ili ionekane imezeeka.

Hatua ya 3: Pitisha mwanga nyuma

Weka karatasi kwenye ubao wa mwanga. Karatasi ya zamani iliyotengenezwa kwa mkono huonyesha mistari myembamba iliyokaribiana, ikikatwa na mistari mingine iliyoachana kwa takriban sentimita 2 hadi 3. Ni alama za wavu wa waya wa fremu ya kutengenezea karatasi. Karatasi isiyo na mistari hiyo ilitumika kwenye kitabu cha mchapaji John Baskerville huko Birmingham mwaka 1757, na ikaanza kuzoeleka kuelekea mwisho wa karne hiyo. Dijitalisi ya "1613" kwenye karatasi laini isiyo na mstari hata mmoja ina maswali ya kujibu.

Alama ya maji, yaani alama ya mtengenezaji inayoonekana ndani ya karatasi, ikiwa na mwaka, kama zilivyo karatasi nyingi za Uingereza kuanzia 1794, inakupa kikomo cha chini tu: picha haikuchapwa kabla ya mwaka huo. Kikomo cha juu haikupi, kwa sababu karatasi iliweza kukaa stoo miaka kadhaa. Rangi ya kahawia iliyoenea sawasawa pamoja na kingo zinazovunjika ukizigusa ni dalili ya karatasi ya massa ya mti, ya nusu ya pili ya karne ya 19 na kuendelea. Madoa madogo ya kahawia yaliyotawanyika si dalili ya umri fulani. Yanatokana na unyevu na uchafu.

Hatua ya 4: Je, rangi ni ya wakati wake?

Rangi ya mkono huvuka mstari hapa na pale, hukusanyika ukingoni pale maji yalipokaukia, na huonyesha njia ya brashi. Haina nukta. Kujua kwamba ni ya mkono ni rahisi. Ugumu ni kujua kama ilipakwa wakati kitabu kilipotoka au miaka mia mbili baadaye ili picha iuzike.

Geuza karatasi uangalie nyuma ya majani. Wachoraji wa kale walitumia sana kijani cha shaba, ambacho hula karatasi polepole. Baada ya karne moja au mbili, umbo la jani hutokeza nyuma kama doa la kahawia, na mahali pengine karatasi hupasuka kufuata jani. Majani ya kijani angavu yasiyoacha chochote nyuma, kwenye karatasi ya karne ya 16, yanatia shaka, ingawa si ushahidi kamili, kwa kuwa wengine walichanganya bluu na njano. Kipimo kingine ni madoa ya kahawia: rangi ikiwa imepita juu ya doa, ilipakwa baada ya doa kutokea.

Maua nayo yana tabia yake. Nyekundu ya karmini, iliyotumika sana kwa zambarau ya dijitalisi, hufifia ikikaa kwenye mwanga, na maua ya zambarau hubaki ya bluu hafifu au kijivu. Picha iliyofunikwa na fremu huweka ushahidi: inua kadi ya dirisha, ile yenye uwazi inayoizunguka picha ndani ya fremu, linganisha ukanda uliofichwa na sehemu iliyokuwa wazi. Nyeupe ya risasi iliyotumika kung'arisha ndani ya ua hugeuka nyeusi hewani, kwa hiyo madoa meusi mahali pasipotarajiwa huenda hapo mwanzo yalikuwa meupe. Usiyaite kosa la mchoraji.

Usishangae pia kukuta nakala mbili za kitabu kimoja zikiwa na maua ya rangi tofauti. Wapaka rangi walifuata nakala ya mfano, kila mmoja kwa mkono wake na kwa haraka yake. Na dijitalisi yenye maua meupe ipo kweli porini. Ua ambalo halikupakwa rangi laweza kuwa la aina hiyo, au lilirukwa tu.

Hatua ya 5: Uhoji mmea

Hapa ndipo picha hujieleza zaidi, na ndipo wakusanyaji wengi hupita haraka. Chukua picha kama unachunguza mmea halisi, ushuke kutoka kileleni hadi mizizini.

Dijitalisi huishi miaka miwili kwa kawaida. Mwaka wa kwanza hutoa duara la majani chini, mwaka wa pili hupandisha shina la mita 1 hadi 2, aghalabu bila matawi. Maua hufunguka kuanzia chini. Kwa hiyo shina moja linaweza kuwa na vitumba juu, maua katikati na matunda chini kwa wakati mmoja, na mchoraji anayeonyesha vyote vitatu hajatunga. Akionyesha maua yaliyofunguka juu na vitumba chini, hakuwahi kuutazama mmea.

Maua yote huelekea upande mmoja na kuinama. Kila bomba lina urefu wa takriban sentimita 4 hadi 5. Chungulia ndani ya mdomo wa chini: panapaswa kuwa na madoa ya zambarau iliyokoza, mengi yakiwa na ukingo mweupe, pamoja na vinyweleo virefu. Madoa hayo yako ndani. Mchongaji aliyeyatawanya nje ya bomba alikuwa akinakili picha bila kuelewa alichokiona. Sepali, yaani vijani vinavyoshika kitako cha ua, ni tano, na ile ya juu ni nyembamba kuliko wenzake. Jambo hili dogo huwatenganisha waliochora kutoka bustanini na waliochora kutoka kitabuni.

Kama ua limepasuliwa kando ya picha, hesabu stameni, yaani vijiti vyenye chavua. Lazima ziwe nne, mbili ndefu na mbili fupi. Mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliyatumia maumbile haya kuiweka dijitalisi kwenye kundi aliloliita Didynamia katika mfumo wake wa 1735. Vipande vya ua lililopasuliwa, vilivyopewa namba na kupangwa pembeni, vilizidi kuzoeleka baada ya hapo. Picha yenye vipande hivyo ni vigumu kuwa ya karne ya 16, hata kama mmea wa katikati umenakiliwa kutoka mchongo wa zamani.

Majani yanastahili muda kuliko maua, kwa kuwa dawa ilitoka humo. William Withering, daktari wa Birmingham aliyechapisha taarifa yake kuhusu dijitalisi mwaka 1785 ikiwa na bamba la rangi la mmea huu, alielekeza majani yachumwe wakati maua yanapochanua, na kikonyo pamoja na mshipa mkuu vitupwe. Jani la chini ni refu, lenye makunyanzi juu na manyoya laini ya kijivu chini. Ukingo wake una meno madogo butu. Mishipa yake hufanya wavu, na ile ya chini huteremka hadi kwenye kikonyo chenye mabawa membamba. Majani ya shinani hupishana, hayakai mawilimawili.

Mfananishe na mimea miwili inayochanganywa nayo. Jani la Symphytum halina meno na lina manyoya magumu yanayokwaruza. Lile la Verbascum limefunikwa na manyoya mazito kama sufu, na maua yake ni ya njano, yamefunguka bapa, yana stameni tano. Watu wamewahi kupata sumu kwa kunywa jani la dijitalisi wakidhani ni Symphytum. Msanii aliyechora ukingo wa jani bila meno si wa kuaminiwa kwa lolote jingine.

Makosa yanayojirudia kwenye nakala dhaifu ni haya: maua yanayozunguka shina pande zote, majani yanayokabiliana, mabomba yaliyosimama wima, na ukubwa wa jani usiolingana na ua. Shina lililokatwa vipande viwili na kuwekwa sambamba si kosa. Mmea wa mita moja na nusu hauingii kwenye ukurasa, na wachoraji makini walichagua kulikata badala ya kulifupisha.

Dijitalisi za njano zitambue mapema. Ile ambayo Fuchs aliiita Digitalis lutea kwa kawaida hutambuliwa leo kuwa Digitalis grandiflora, na D. lutea ya sasa ni mmea mwingine wenye maua madogo. Digitalis lanata, yenye maua ya kahawia hafifu na mdomo wa chini mweupe uliochomoza, ndiyo iliyotoa digoksini, dawa ya moyo iliyotenganishwa mwaka 1930.

Hatua ya 6: Nani alimnakili nani

Picha mbili zikifanana, amua kwanza kama zimetoka kwenye mbao au bamba moja, au ya pili ni nakala iliyochongwa upya.

Zifungue zote mbili kwenye programu yoyote ya picha yenye tabaka, GIMP inatosha. Zilinganishe kwa ukubwa, ipe ya juu uwazi wa asilimia 50, kisha zipandanishe. Mistari ikilala juu ya mistari hadi kwenye mipasuko midogo, chanzo ni kimoja. Umbo likilingana lakini mistari ya vivuli ikitofautiana, ni nakala. Isipolingana kabisa, igeuze kushoto kwenda kulia ujaribu tena. Mchongaji aliyechora moja kwa moja kutoka chapa ya mwenzake alipata picha iliyogeuka, na nakala za aina hiyo ni nyingi. Hesabu maua kwenye shina na utafute jani lililojikunja. Hivyo viwili hunakiliwa bila kubadilishwa.

Mbao zilisafiri. Kitabu cha John Gerard cha London, 1597, kilitumia kwa sehemu kubwa mbao zilizokuwa zimetumika Frankfurt mwaka 1590 kwa kazi ya Tabernaemontanus, mwandishi wa Kijerumani wa vitabu vya mitishamba. Toleo lililorekebishwa na Thomas Johnson mwaka 1633 likatumia mbao nyingine, za nyumba ya uchapaji ya Plantin ya Antwerp. Kwa hiyo "picha ya Gerard" ni maneno yasiyotosha. Andika mwaka wa toleo. Mabamba ya shaba nayo yalirudiwa. Elizabeth Blackwell alichora, akachonga na kupaka rangi mwenyewe mabamba 500 ya A Curious Herbal, London, 1737 hadi 1739. Baadaye michoro yake ilichongwa upya Nuremberg chini ya Christoph Jakob Trew, kwa maandishi ya Kilatini na Kijerumani. Ukikuta Kijerumani chini ya "Blackwell", unayo hiyo ya pili.

Nakala za kulinganisha zipo bure mtandaoni, kwenye maktaba za Biodiversity Heritage Library na Wellcome Collection. Tafuta kwa jina la mwandishi na mwaka kwanza. Ukitafuta kwa jina la mmea pekee utakosa vitabu vya zamani, kwa sababu kurasa zake hazikuandikiwa majina ya kisasa.

Hatua ya 7: Sasa soma maandishi

Pembeni chini, kwa kawaida kushoto, jina linalofuatwa na del. au pinx. ni la mchoraji. Kulia, sc. au sculp. ni la mchongaji. Lith. ni la fundi wa jiwe, na exc. ni la mchapishaji. Kwenye mabamba ya Blackwell del., sculp. na pinx. zimefuatana baada ya jina lake moja, kwa kuwa kazi zote tatu zilikuwa zake.

Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika 1735 ilitaka bamba lichongwe jina la mwenye haki na tarehe. Tarehe hiyo ni ya bamba. Medical Botany ya William Woodville, yenye mabamba ya James Sowerby, ilianza kutoka 1790 na ikarudiwa karne iliyofuata, kwa hiyo karatasi yenye tarehe ya kwanza huenda ilichapwa miongo kadhaa baadaye. Rudi kwenye alama ya maji uamue.

Kuna mtego mmoja wa dijitalisi pekee. Kwa mimea mingi, jina la Kilatini la maneno mawili huashiria kipindi cha baada ya 1753, Linnaeus alipochapisha Species Plantarum. Hapa kanuni hiyo haifai, maana maneno Digitalis purpurea yamo tayari kwa Fuchs. Jina refu kama Digitalis purpurea folio aspero ndilo linaloelekeza nyuma, kwa mtaalamu wa mimea Caspar Bauhin (1623) na waliomfuata. Jina la familia Scrophulariaceae juu ya picha ni la kawaida karne ya 19, na si kosa la mchapishaji. Uchunguzi wa DNA ndio uliouhamishia mmea huu kwenye familia ya Plantaginaceae.

Hatua ya 8: Rekodi na picha ya dijitali

Andika kwa utaratibu uleule kila mara: aina ya chapa, kipimo cha bamba au mchongo, kipimo cha karatasi, mistari na alama ya maji, rangi na hali yake, maelezo ya mmea, maandishi neno kwa neno pamoja na makosa yake ya tahajia, kisha hitimisho. Kila hitimisho liambatane na sababu: "chapa ya shaba, kwa kuwa mistari ina ncha kali na bonde la bamba lipo pande tatu, ukingo wa chini umekatwa". Atakayesoma baadaye aweze kukupinga kwa ushahidi.

Karatasi iliyo huru iskaniwe kwa ppi 600 (nukta kwa kila inchi) kama haizidi A4, na 400 kama ni kubwa zaidi, ihifadhiwe kama faili la TIFF, ikiwa na rula na kadi ya rangi pembeni. Zima marekebisho yote ya kujiendesha, hasa kuongeza ukali na kusafisha mandhari, kwa sababu hufuta punje za karatasi na madoa unayoyahitaji. Skani mbele na nyuma. Piga na picha moja ya mwanga wa kulazwa. Kitabu kilichofungwa kisigandamizwe kwenye skana, mgongo utavunjika. Kiegemeze kikiwa kimefunguka digrii 90 hadi 110 na upige kwa kamera iliyokazwa kwenye stendi.

Hatua ya 9: Kuhifadhi

Mwanga wa maonyesho usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na picha isikae ukutani mwaka mzima, kwani karmini iliyofifia hairudi. Halijoto ya nyuzi 18 hadi 20 na unyevunyevu wa asilimia 35 hadi 50 usiopandapanda ndio unaofaa. Usitumie gundi ya utepe, usipitishe kwenye mashine ya kufunika plastiki, wala usioshe picha ya rangi ya mkono hata kama madoa yanakukera. Ilaze kwenye folda isiyo na asidi, ukubwa wake uzidi karatasi kwa sentimita 2 kila upande.

Picha yenye kijani cha shaba isilale uso kwa uso na nyingine. Tenganisha kwa karatasi isiyo na asidi, ikague mara moja kwa mwaka nyuma ya majani, na karatasi ya kutenganisha ikianza kupata doa la kahawia, ibadilishe. Jani likianza kupasuka usilibandike mwenyewe: mpelekee mhifadhi wa karatasi, picha ikiwa imelala bapa kati ya kadi mbili.